Twende, Leonarda, Usibaki Nyuma

Delano, California
4 Desemba 2016

Bibi Sorsing mpendwa,

Shikamoo Bibi. Ungekuwa karibu ningeuchukua mkono wako nikauweka kwenye paji la uso wangu kama nilivyofunzwa. Kwa kuwa bahari yote imelala katikati yetu, hesabu kwamba nimeshauweka. Magoti yanakusumbua bado? Na yule mbuzi wako mkorofi hajambo? Sisi huku miili ni mizima. Mama anakusalimu. Amesharudi kazini hospitalini, zamu ya usiku, maana hataki kukaa nyumbani.

Najua Rodel, yule kijana wa jirani yako, alikufikishia habari kwa simu yake, lakini najua pia unavyoisema simu, kwamba ni sauti ya mtu aliyetumbukia kisimani. Kwa hiyo nakuandikia kwa kalamu, kama dada yako alivyokuwa akikuandikia, usome kwa nafasi yako. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika lugha yenu, mezani jikoni, rula ikiwa karibu. Makosa utakayoyaona humu ni yangu mwenyewe.

Apong alituacha Jumapili asubuhi. (Huku sote tulimwita dada yako Apong, yaani bibi, wajukuu na watoto wa mtaa mzima, hata wa Kimeksiko ambao bibi zao wenyewe walikuwa hai.) Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anachambua majani ya mlonge. Tulidhani amesinzia. Mama alikwenda kuchukua bakuli ampikie mchuzi, ndipo alipojua. Majani yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa yote.

Tumemzika hapa Delano, upande wa mizabibu. Najua wewe ulitaka arudi kwenu Pasuquin. Mama alisema, "Mama yangu hatalala mahali nisipoweza kufika kwa gari langu." Hakuna aliyembishia.

Watu walijaa kwenye mkesha mpaka wakasimama nje. Unajua vyeti vyake vya ualimu havikukubaliwa huku. Walimpa filimbi, wakamwambia aangalie watoto wakati wa mapumziko. Haukupita muda akawa ndani ya darasa la kwanza la Bi. Hendricks, amekaa kwenye kiti kidogo cha mtoto, anawasomesha wale walioshindikana. Jioni meza yetu ya jikoni ikawa darasa la wazazi wao. Doña Chayo, jirani yetu mchuma zabibu, alijua kusoma pale pale akiwa ameshapata wajukuu. Na kwenye mkesha lilikuja jibaba moja lenye michoro mpaka shingoni, likalia kama mtoto, likasema, "Huyu mama alinifundisha kuandika jina langu lote. Kabla yake nilikuwa nalionea aibu."

Halafu Bi. Hendricks akasimulia habari ya ufukweni, ile niliyoisikia tangu utotoni. Walipeleka darasa baharini Pismo. Jioni watoto wote wameshapanda basi, Apong amesimama chini anatazama mchanga, anaita, "Marisela, twende, usibaki nyuma! Tyrone, twende, usibaki nyuma!" Jina moja moja. Dereva akapiga honi. "Mama, wote wamo humu ndani, nimehesabu!" Apong akamjibu bila kugeuka, "Umehesabu vichwa, mwanangu. Mimi naita roho. Mtoto akichezea mahali akapapenda, roho hujisahau." Akaendelea. Basi likangoja.

Sasa nikuambie lililotokea makaburini. Tulipomaliza kufukia tulirudi kwenye magari, na hakuna aliyefungua mlango. Mama ana funguo mkononi. Mume wa binamu yangu, ambaye si wa kwetu, akauliza, "Tunangoja nini?" Tukatazamana kama vifaranga. Bibi, tulikuwa tunangoja kuitwa! Maisha yangu yote sijawahi kutoka makaburini, wala mtoni, wala hospitalini, bila Apong kusimama nyuma na kutuita mmoja mmoja. Sasa aliyekuwa akituita ndiye tuliyemwacha shimoni. Basi doña Chayo akajitoa kwenye kundi, akafunga vizuri mtandio wake, akaita kwa lugha yenu, kwa matamshi ya Kimeksiko: "Erlinda, twende, usibaki nyuma. Jovelyn, twende, usibaki nyuma." Akatumaliza wote. Mama alilia hapo kwa mara ya kwanza.

Nina swali. Apong alituita sote, lakini sikuwahi kumsikia akilitaja jina lake. Je, mwitaji naye huitwa na nani?

Mjukuu wako,
Jovelyn


Pasuquin, Ilocos Norte
15 Januari 2017

Jovelyn mjukuu wangu,

Mkono wako umefika na nimeubariki. Magoti ni yale yale. Mbuzi amezaa mapacha na kiburi kimezidi. Herufi zako zimesimama wima, nimefurahi. Nimesahihisha makosa kwa penseli, kwa mazoea ya nyumba hii, ila sikurudishii.

Kwanza nitoe hasira isije ikanichachia tumboni. Mama yako Erlinda amekosea. Mwambie ni mimi niliyesema. Mahali pa Leonarda ni hapa, kando ya mumewe, mimi ndiye ninayepang'olea magugu. Lakini hasira yangu si ya udongo, na ukinisikiliza utaelewa.

Umeuliza nani humwita mwitaji. Hujiita mwenyewe, mwisho kabisa, baada ya wote. Kila mtoto wa hapa analijua hilo, na aliyewafundisha ni huyo huyo dada yangu. Alikuwa akiwapeleka mtoni kuokota kokoto za kuhesabia, na wakati wa kurudi kila mtoto anamwita jirani yake kisha anajiita. Asiyejiita anasimamishwa. "Na wewe, kichwa maji, nani atakuita? Mimi? Mimi nina watoto hamsini!" Ambo jirani yangu alisimamishwa mara nyingi hata mamake akaja kulalamika kwamba mtoto anaota anajiita usingizini.

Sasa sikia. Mwaka aliotoka hapa, mama yako alikuwa ameshatangulia huko na wewe ulikuwa njiani kuzaliwa. Gari la kwenda Laoag lilikuja kumchukulia kwenye lango la shule, maana hakutaka kuondokea nyumbani. Wanafunzi walipangwa kwa urefu, wafupi mbele. Mimi nilikuwa na kikapu cha vitumbua vya njiani. Nilitega sikio, kwa kuwa mtu anayekwenda mbali namna ile hawezi kuondoka bila kujiita. Aliitazama shule. Akanitazama mimi. Akamwambia dereva, "Haya." Wakaondoka. Jina lake halikutoka mdomoni mwake.

Nikamwandikia: Dada, umesahau kujiita, je nikuite mimi kutoka hapa? Akanijibu habari za ukungu wa Delano. Nikaandika tena. Akanijibu bei ya zabibu. Nikamuuliza mara ya tatu, akanieleza ukungu na zabibu pamoja. Unamjua alivyokuwa akiamua kutojibu. Mpaka leo sijui kama alisahau au aliacha makusudi.

Ninachojua ni kwamba hakwenda mzima mzima. Nusu alibaki hapa, nami nimeishi naye. Watu wa hapa huwatengea sahani waliokufa. Mimi nilimtengea aliye hai, wakanicheka. Wali kidogo, yai, kahawa nyeusi, kila asubuhi mezani upande wake. Namsalimu, namgombeza, namweleza habari za mbuzi. Ambo alinisikia dirishani. "Bibi Sorsing, unaongea na nani?" Nikamwambia, "Na mtu mwenye akili, ndiyo maana hukuitwa."

Basi mmezika nusu. Na mtu hapumziki nusu yake ikiwa huku na nusu kule, hilo halina mjadala. Mwaka wa matanga haujaisha, sisi sote bado tumevaa nyeusi. Mleteni kabla hatujaivua. Baada ya hapo atabaki hivyo.

Bibi yako,
Sorsing


Delano
19 Februari 2017

Bibi Sorsing mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mapacha wa mbuzi wanakua na magoti yamekuonea huruma. Hapa baridi imeanza kupungua. Mimi naendelea na kazi yangu ya kusugua meno ya watu, na watu wanaendelea kuniambia uongo kwamba wanapiga mswaki.

Nilimsomea Mama barua yako. Alikuwa anakunja sare zake. Nilipofika pale uliposema amekosea, alitabasamu kidogo, akasema, "Huyo ni Mama Mdogo kabisa." Nilipomaliza akaikunja sare ya mwisho, kisha akasema, "Nilikuja nchi hii peke yangu. Nilikaa na mimba yako kwa hofu, mpaka Mama alipoingia mlangoni na kikapu chake. Simrudishi, Jovelyn. Mwambie Mama Mdogo nampenda, na simrudishi." Akaenda gereji, akaanza kupanga vitu vilivyokuwa vimeshapangwa.

Siwezi kumlazimisha, Bibi, na sitaki. Lakini ulichoandika kimeninyima amani kwa sababu nimekikumbuka kitu. Nilipokuwa mdogo Apong alikuwa akisimama mlangoni jioni, anatazama barabara. Namuuliza, "Apong, unamngoja nani?" Anasema, "Mwenzangu." Nilidhani ni babu. Na mara moja, nikiwa mkubwa, nilimsaidia kupanda ngazi nikamtania kwamba ni mwepesi kama kuku wa sokoni. Akacheka, akasema, "Nilikuja huku mwepesi, mjukuu wangu." Nilicheka naye. Sasa sicheki.

Kwa hiyo nimewaza hivi. Ikiwa mwili hauwezi kuifuata roho, roho haiwezi kuufuata mwili? Nitakuja mimi. Nitaleta blauzi yake ile ya bluu ya kufundishia. Nitasimama pale pale langoni nimwite kwa jina, nimwite njia nzima, uwanja wa ndege, ndani ya ndege, mpaka kwenye mizabibu. Niambie tu kama inaruhusiwa, na unifundishe namna, nisije nikaharibu.

Sijawahi kufika kwenu. Aibu kidogo hiyo, lakini nikija nitaijua nyumba, maana Apong alinichorea kila kitu mpaka mlango wa jiko usiofunga.

Mjukuu wako,
Jovelyn


Delano
11 Juni 2017

Bibi Sorsing,

Shikamoo tena. Hii ni barua ya tatu nikuandikiayo bila jibu. Rodel anasema u mzima, unakula, na juzi umemtukana kwa kukanyaga bilinganya zako, kwa hiyo nashukuru Mungu afya ipo.

Kama nilikukosea, Bibi, nichape kwa maneno. Kimya kinaniumiza zaidi. Mama ananiuliza kila akifungua sanduku la barua, anajifanya anatafuta bili. Doña Chayo amewasha mshumaa na hajui hata wa nini. Nilimwambia tu kuna mtu hajibu.

Miezi inakwenda. Novemba ikipita tutavua nyeusi, na Apong atabaki nusu nusu. Naliwaza hilo hata nikiwa na mkono mdomoni mwa mgonjwa.

Mjukuu wako anayengoja,
Jovelyn


Pasuquin
20 Agosti 2017

Jovelyn,

Mkono wako nimeubariki mara zote tatu, ingawa sikusema. Mimi mzima. Mvua ni nyingi, ukuta wa jiko umeota ukungu wa kijani, na pacha mmoja wa mbuzi amekufa.

Hukunikosea. Nilikaa kimya kwa sababu ulichoniomba si kidogo, na wewe hukujua ukubwa wake. Erlinda ana kaburi anakofika kwa gari. Ana wewe. Mimi sikuolewa wala sikuzaa. Niliachiwa wazazi niwatunze, nikawatunza mpaka wakaisha. Nyumba hii ina watu wawili, Jovelyn, na mmoja ndiye unayetaka kuja kumchukua. Nilipoisoma barua yako niliikunja nikaiweka chini ya mfuko wa mchele, nikamwambia Leonarda, "Huyo mjukuu wako ana adabu mbaya." Nikatenga sahani mbili za yai siku hiyo, sijui kwa nini. Hofu tu.

Nikataka kukujibu kwamba hairuhusiwi. Uongo ulikuwa tayari kwenye kalamu. Wazee wenye kujua wamekwisha, ni nani angenibishia?

Wiki iliyopita mvua ilizidi, walimu wakawafungia watoto darasani mpaka wafuatwe. Nilikuwa nimejibanza kwenye kibanda cha lango la shule na mwavuli wangu. Wazazi wanakuja mmoja mmoja, na mwalimu, msichana mdogo tu, hakuwahi hata kumwona dada yangu, anamleta kila mtoto mpaka langoni, anaushika mkono wa mtoto anauweka ndani ya mkono wa mzazi. Ndipo anauachia. Nikamuuliza, "Nani alikufundisha hivyo?" Akasema, "Ndivyo tunavyofanya hapa, Bibi." Ndivyo wanavyofanya! Leonarda ndiye aliyelianza hilo, kabla hata mama wa msichana huyo hajaota meno. Hata mtoto alie kwamba hataki kwenda, hata Leonarda mwenyewe awe amempenda kuliko wote, akifuatwa langoni hazuiliwi. "Si wangu," alikuwa akisema. "Nimeazimwa mpaka kengele."

Nilirudi nyumbani nimelowa, nikaitoa barua yako chini ya mchele.

Njoo. Ukifika langoni nitakukabidhi. Njoo kabla ya siku ya kuvua nyeusi. Blauzi usiifue. Usiniletee chokoleti, sina meno ya kuzipa. Lete kahawa na ile dawa ya kuchua magoti yenye harufu kali. Jiwekee na viatu vya matope. Utamwita kwa jina lake lote, Leonarda Macadangdang, si Apong, maana Apong ni wengi. Ukishamwita yeye, mwisho kabisa ujiite na wewe. Hilo usisahau.

Bibi yako,
Sorsing


Pasuquin
10 Desemba 2017

Jovelyn mjukuu wangu,

Natumaini mlifika salama, nyote wawili. Magoti yananuka dawa yako na yamepata nafuu kidogo. Mbuzi anakutafuta, tangu uondoke hakuna anayempa maganda ya papai.

Nakuandikia yale uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu nataka Erlinda naye ayasome, na kwa sababu ukiwa mgeni huwezi kuona kila kitu.

Sikuwaita wanafunzi wa Leonarda. Nilimwambia Ambo peke yake, na kumwambia Ambo ni sawa na kupiga kengele ya kanisa. Nilipokuleta langoni walikuwa wameshajipanga kwa urefu, wazee watupu, mmoja na fimbo, mmoja ameletwa na wanawe kutoka Laoag. Ambo amesimama mbele kabisa kwa kuwa darasa la kwanza alikuwa mfupi kuliko wote. Sasa ana kitambi cha kuziba lango, wa nyuma yake hawaoni kitu, na hakukubali kuhama. "Hapa ndipo aliponiweka Mwalimu," alisema. "Asiyeona ainame."

Wewe ulivyo na uso ule wa Leonarda, na ile blauzi mkononi, ulipopita mbele yao walinyoosha mikono wenyewe, kucha juu. Ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, wanataka nini?" Nikakuambia, "Wakague." Ukawakagua! Sikutegemea ungeliweza. Ukafika kwa Ambo ukasema, "Na hizi je?" Mwenyekiti mzima wa kijiji akaficha mikono nyuma. "Nimetoka shambani, Mwalimu, nitakata kesho." Walicheka mpaka yule wa fimbo akakalishwa chini. Mimi pia nilicheka, na ndani nilikuwa naumia.

Kisha nikaushika mkono wa blauzi, ule wa kulia wenye doa la wino, nikauweka ndani ya mkono wako. Nilichelewa kuuachia. Uliona, na hukuvuta. Nakushukuru kwa hilo.

Ukaita. "Leonarda Macadangdang, twende, usibaki nyuma." Mara ya kwanza uliita peke yako. Mara ya pili wazee wakaita pamoja nawe, na sauti ya Ambo ndiyo iliyokatika. Ukamwita langoni, ukamwita mlangoni mwa gari. Nami nikasema kimoyomoyo, haya dada, umefuatwa.

Nyumba sasa imetulia sana. Kesho yake nilimtengea sahani kwa mazoea, nikakaa mbele yake, nikamsalimu. Hakukuwa na mtu. Nimelia, nakuambia bila kuficha, nimelia mpaka kahawa ikapoa, halafu nikainywa mimi. Siku ya mwaka ilipofika nilivua nyeusi pamoja na wengine, nikavaa lile gauni la maua uliloniletea. Ambo anasema nafanana na pazia la mjini.

Lakini kuna jambo, na hili lisome polepole. Kilichoharibika kwangu ni magoti, masikio bado yanafanya kazi. Ulipomaliza kumwita bibi yako nilitega sikio nilisikie jina la pili. Uliitazama shule. Ukanitazama mimi. Ukamwambia dereva, "Haya." Gari likaondoka. Jovelyn, hukujiita! Nilikuagiza kwa barua, nikakuagiza tena mezani usiku ule wa mwisho, ukaniitikia "Ndiyo, Bibi." Na sasa Rodel ananiambia kwamba huko umekuwa mtu wa kusahausahau, umetia chumvi kwenye kahawa, unasimama mlangoni jioni.

Kichwa maji wewe, umesahau kama bibi yako. Nimekutengea sahani tangu juzi usije ukashinda na njaa, ila sijui unavyopenda yai. Nijibu upesi: nikuite mimi kutoka hapa, au utakuja kujifuata?

Bibi yako,
Sorsing


Delano
7 Januari 2018

Bibi Sorsing mpendwa,

Shikamoo. Mkono wako uko kwenye paji langu. Nimefurahi magoti yamepata nafuu, nitatuma dawa nyingine. Mpe mbuzi maganda, mwambie yametoka kwangu.

Tulimfikisha Apong. Nilimwita tukishuka kwenye ndege, nikamwita barabarani, na makaburini Mama akasema, "Niachie hapa nimwite mimi." Akamwita mpaka kwenye jiwe. Kisha akatandaza koti lake kwenye majani, akakaa, akasema, "Sasa amefika." Tulikaa naye mchana kutwa, doña Chayo ametuletea chakula, hakuna aliyekuwa na haraka. Wakati wa kuondoka Mama alituita sote, na mwisho akajiita na yeye. Tangu hapo analala, na zamu ya usiku ameiacha.

Ukungu wa mwaka huu ni mzito, asubuhi siioni hata nyumba ya doña Chayo. Wameanza kupogoa mizabibu. Bei ya zabibu msimu uliopita ilikuwa nzuri, wanasema, na wanatumaini itapanda tena.

Yai napenda liive sana, Bibi, na kahawa yangu weka sukari. Usiniite. Sikusahau.

Mjukuu wako,
Jovelyn